Pedeli Iliyokataa Mguu wa Bibi Teresa

Bellevue, Johannesburg,
Afrika Kusini.

Kwa Mama Mkwe wangu mtukufu, Bi. Mwanahawa,
Ngamiani, Tanga.

YAH: SHUKRANI, HABARI ZA KAZI, NA OMBI MOJA

Mama, shikamoo. Marahaba yako naihesabu kuwa nimekwisha kuipokea, maana hujapata kuninyima hata siku zile nilipokuwa mposaji tu, nimesimama barazani kwako na viatu vya kuazima.

Kwanza naomba kujua hali ya goti lako. Mwanaidi aliniarifu kwamba limepungua maumivu tangu uanze kulikanda kwa mafuta ya mnyonyo, lakini namjua mke wangu, hunificha mabaya ili nisikose usingizi. Naomba pia kujua kama bati lile la jikoni limekwisha kugongewa misumari kabla ya masika, na kama binti yetu Zuhura bado anakataa kula mpaka bibi yake amlishe kwa mkono. Kwa upande wangu, afya ninayo, alhamdulillahi. Baridi ya mji huu imeniuma na imeniachia, na sasa tunaheshimiana.

Mama, ningeweza kupiga simu. Lakini mambo ya ukweni hayasemwi kwa simu inayokatika, mtu akawa anarudia "haloo, haloo" mbele ya mkwewe kama anayeita kuku. Kwa hiyo nimeandika, na barua hii nimeikabidhi kwa mfanyabiashara wa kwetu anayekuja huku kununua bidhaa, naye ameapa kuifikisha mkononi mwako na si mwa mwingine.

Shukrani zangu za mwanzo ni kwa neno ulilolitamka siku niliyokuja kuaga. Wazee walipokwisha kusoma dua, ulisema mbele yao: "Sikukatazi kwenda, Salehe. Mke wako atakaa kwangu na hatapungukiwa. Ila binti yangu hatalala nyuma ya pazia kama mgonjwa wa hospitali. Siku utakapokuwa na mlango, niambie." Wapo walioona umenifungia njia. Mimi naliona neno lile kuwa ni rehema, kwa sababu mtu aliyeelezwa waziwazi anachotakiwa kutafuta hapotezi nguvu zake kutafuta vitu vingine.

Na ulijua unalolisema, Mama, ijapokuwa hukuwahi kufika huku. Hapa Bellevue ninakaa katika nyumba kubwa ya kizamani iliyogawanywa vyumba, na chumba changu kimegawanywa tena kwa mashuka. Wenzangu ni watu wema, Mrundi mmoja na Wakongo wawili, na hakuna aliyepata kunivunjia heshima. Lakini mmoja akikohoa, wote tumekohoa. Mahali pa namna hiyo hapawezi kuitwa nyumba ya mke.

Kazi yangu ipo Troyeville, katika gereji ya mzee mmoja wa Lubumbashi aitwaye Papa Kasongo. Yeye ni mzee wa kanisa, nami ni Muislamu. Ijumaa hunipa ruhusa kabla sijaiomba, na Jumapili mimi humwangalizia gereji bila kuambiwa. Nyuma ya gereji ipo nyumba ndogo ya chumba na jiko, yenye mlango wake mwenyewe wa kutokea uani. Nyumba hiyo hukaa fundi mkuu. Fundi mkuu aliyekuwapo alirejea kwao Kongo, na nyumba ikafungwa kufuli. Sikuthubutu kuiomba. Siku moja Papa Kasongo alinikuta naitazama, akasema, kwa Kiswahili chao cha Lubumbashi, ambacho ninakiandika kama alivyokitamka:

"Unaangaria hii nyumba kila siku. Iko na deni yako?"

Nikamjibu kwamba ninaitazama kwa sababu ya neno la mkwe wangu, na nikamweleza neno lako. Alicheka sana. "Mama mukwe yako ni mutu ya akili," akasema. "Sawa. Ile mutokari ya Madame Teresa, utaitengeneza weye mwenyewe. Ikitoka hapa na haiko inarudia, nitakupa ufunguo. Ikirudia, nitatafuta fundi mwengine."

Hapo, Mama, ndipo mlango wako ulipofungamana na klachi ya gari.

Naomba unistahimili nikueleze kidogo, kwa kuwa bila maelezo haya hutaona ukubwa wa msaada niliopewa. Bibi Teresa ni mjane wa makamo yako, mwenye asili ya Kireno, anayekaa bondeni karibu na gereji yetu. Marehemu mumewe, Manuel, alimwachia gari la Kimarekani la zamani, la milango miwili, lenye boneti ndefu na injini ya silinda nane inayonguruma hata ikiwa imesimama. Mtoto wao yuko ng'ambo, na alikwisha kumwandikia mama yake kwamba gari lisiloendeshwa ni heri liuzwe. Bibi Teresa akamjibu kwamba litaendeshwa, na litaendeshwa na yeye. Kwa hiyo akatuletea tulifufue.

Katika magari ya siku hizi, pedeli ya klachi, ile inayoitenga injini na gia dereva anapobadilisha gia, husukuma mafuta ndani ya bomba, na mafuta ndiyo yafanyayo kazi. Katika gari hili mafuta hayamo. Ni chuma kinachomsukuma chuma mwenzake. Pedeli husukuma fito, fito huzungusha chuma kinene kilicholala katikati ya bodi na injini, ambacho sisi gereji tunakiita mhimili, na mhimili husukuma fito ya pili inayofungua klachi. Ncha moja ya mhimili imeshikwa na bodi ya gari, na ncha ya pili imeshikwa na injini. Vyuma hivi vikikaa sawasawa, mtoto anaweza kuikanyaga pedeli. Visipokaa sawasawa, kila kimoja humlaumu mwenzake.

Nilifanya kazi ile kwa bidii zangu zote. Nilibadilisha sahani ya klachi, nikaweka bushi mpya, zile pete zinazoshika ncha za mhimili, nikapaka grisi, na kwa kuwa mipira inayobeba injini ilikuwa imechakaa na kulala kama chapati, nikafunga mipira mipya. Nilijisifu kwa mipira ile, sitaki kuficha.

Bibi Teresa alipokuja kulijaribu, aliketi, akakanyaga, akaingiza gia. Gia ikalia kama mashine ya kukobolea mahindi.

"Inagoma," akasema. Yeye husema Kiingereza, nami nakiandika kwa lugha yetu. "Inafika nusu, halafu ni kama nimekanyaga jiwe."

Niliomba nijaribu mimi. Nikakanyaga, gia ikaingia.

"Imeingia, Mama."

"Kwako imeingia. Wewe una mguu wa kuchezea mpira."

Papa Kasongo naye akaketi, akakanyaga, gia ikaingia. "Madame, ni mazoezi tu," akamwambia.

"Mazoezi? Nimeliendesha gari hili wewe hujaota ndevu."

Nilirefusha fito kidogo ili pedeli ifungue klachi mapema. Gia zikaacha kulia. Lakini tulipolipandisha gari mlima wa Troyeville, klachi ikaanza kuteleza, injini ikapiga kelele bila gari kwenda, na harufu ya kuungua ikatujaa puani, kwa maana klachi ilikuwa haifungi tena barabara. Nikaifupisha fito, harufu ikaisha, na kilio cha gia kikarudi. Nikairefusha, nikaifupisha. Kila siku Bibi Teresa alikuja kwa miguu na mkoba wake, akakanyaga, akatikisa kichwa, akaondoka. Papa Kasongo akaanza kunitazama kwa jicho jingine.

"Salehe, hii mutokari iko na shetani, ao iko na fundi mubaya?"

"Haina shetani, Papa."

"Basi njo fundi," akasema, yaani ndiye fundi mwenye kosa.

Mama, dawa nilikuwa naijua. Ilinipasa nilale chini ya gari na taa, nikitazama vyuma vile vikitembea, huku yule yule anayesumbuliwa na pedeli akiikanyaga kwa mguu wake mwenyewe. Sisi wanaume tulikuwa tunaipiga pedeli kwa nguvu, nayo ikipita palipokwama bila sisi kujua. Yeye alikuwa akiibonyeza polepole, ndipo ikimkatalia. Nilimwomba Papa Kasongo aingie chini yeye, nami nikanyage kwa ulaini. Akajaribu, lakini tumbo lake lilimzuia na tukamvuta miguu kumtoa. Nikajaribu kusukuma pedeli kwa ubao nikiwa nimechungulia kutoka pembeni, nisione kitu.

Alibaki Bibi Teresa. Na hilo ndilo lililonishinda. Ningemwambiaje mwanamke wa umri wako, mjane, aliyevaa sketi, aketi juu ya kiti mlango ukiwa wazi, anyanyue mguu na kushusha, na mimi mwanamume nimelala chali chini ya miguu yake? Nikajiuliza: lau angekuwa Bi. Mwanahawa, ningethubutu? Mimi ambaye nikikuona njiani Ngamiani huhamia upande wa pili ili nisikupite kwa karibu. Kila siku nilikusudia kumwambia, na kila siku nilichukua spana nikaendelea kugeuza nati ambayo haikuwa na kosa.

Mwisho ni yeye aliyeniuliza. "Kwa nini usilale chini uangalie, mimi nikanyage? Manuel ndivyo alivyokuwa akifanya."

"Haifai, Mama."

"Haifai nini?"

"Kwetu si adabu."

Alinitazama. Kisha akaitazama sketi yake. Alichukua mkoba wake akatoka, na nilimwona akiteremka barabara bila kugeuka nyuma. Papa Kasongo alishika kichwa. "Umefukuza mama wa watu," akasema. "Ulimwambia iko na ukosefu ya adabu?"

"Sikumwambia yeye, Papa. Nilisema jambo lenyewe."

"Eish. Kaelezee mukwe yako hivyo."

Siku ile sikula vizuri. Niliona nimepoteza gari, na pamoja na gari nyumba, na nilianza kutunga kichwani maneno ya kukuomba uvumilivu zaidi.

Asubuhi iliyofuata tulikuwa ndiyo kwanza tumefungua geti. Akaja mtu amevaa ovaroli ya buluu iliyompwaya, mikono imekunjwa hadi kwenye viwiko, miguu imekunjwa mara kadhaa chini, kitambaa kimefungwa kichwani. Nilidhani ni fundi anayetafuta kazi. Alipofika karibu, alikuwa Bibi Teresa. Mfukoni mwa kifua palikuwa pametariziwa jina la marehemu kwa uzi mweupe.

"Haya," akasema. "Leo mimi si mimi. Mimi ni Manuel. Lala chini."

Nililala chini. Papa Kasongo alikwenda nyuma ya gereji, na nikamsikia akicheka huko hadi akakohoa.

"Kanyaga polepole, Mama."

"Nani?"

"Manuel. Kanyaga polepole, Bwana Manuel."

"Hivyo sawa."

Akakanyaga. Nikaona fito ikienda, mhimili ukaanza kuzunguka, na hapo hapo nikauona ukipanda upande mmoja kama jeneza linalobebwa na mrefu na mfupi. Ncha ya upande wa injini ilikuwa juu, ya upande wa bodi ilikuwa chini. Bushi ikabanwa pembeni, mhimili ukasimama.

"Hapo kwenye jiwe," akasema kutoka juu.

"Naliona jiwe. Usiachie."

Mama, kosa lilikuwa hili. Miaka iliyopita, mipira ya injini ilipolala, injini ilishuka pamoja nayo. Fundi fulani wa zamani, pengine marehemu mwenyewe, akakishusha na kile kishikio cha upande wa bodi ili mhimili ulale sawa tena. Alifanya vyema. Mimi nikaja na mipira mipya, nikairudisha injini juu mahali pake pa asili, na kishikio nikakiacha kule chini kilikoshushwa. Mipira niliyojisifu kwayo ndiyo iliyouinamisha mhimili. Nilipomweleza Papa Kasongo, alisema, "Kumbe tuliponyesha mugonjwa, tukamuachia na fimbo yake ya kuchechemea."

Nilikifungua kishikio. Nilichonga matundu yake kwa tupa, nikakipandisha, nikapima kwa rula iliyonyooka mpaka mhimili ukalala kama upau wa mlango. Bibi Teresa hakuondoka. Alikaa juu ya tairi na ovaroli yake, akinishikia taa, na kila nilipotaka kuikaza nati kwa pupa aliniambia, "Mwanzo mkono, halafu spana." Nadhani hayo pia yalikuwa maneno ya marehemu.

Nilipokwisha kuirudisha fito kwenye kipimo chake, aliketi akakanyaga. Akakanyaga tena. Kisha akauacha mguu wake pale pale juu ya pedeli iliyozama, kama mtu aliyeweka mguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu. Gia ikaingia bila sauti. Akalitoa gari peke yake, akapanda mlima. Sisi tulisimama getini. Pale kwenye roboti, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, taa ilikuwa nyekundu, na ni mlima mtupu, mahali ambapo klachi mbovu hujiaibisha mbele za watu. Taa ikawa kijani, gari likaondoka taratibu kama lililovutwa kwa kamba. Hapakuwa na moshi wala harufu.

Papa Kasongo hakunipa ufunguo siku ile. Alinikumbusha sharti lake, kwamba gari lisirudi. Nikangoja.

Wiki iliyofuata, tukiwa kazini, nikasikia mngurumo ule ukikata kona ya mtaa wetu. Hakuna gari jingine lenye sauti hiyo huku kwetu. Papa Kasongo aliweka spana chini. "Imerudia," akasema, na kwa kweli alisema kwa huzuni. Gari likasimama mbele ya geti, na Bibi Teresa akashuka amevaa gauni la kanisani na viatu vya visigino.

Nilimwuliza, "Inakataa wapi?"

"Haikatai popote," akajibu. "Nimekwenda nalo kanisani, nimekwenda nalo makaburini, na mwanangu nimemtumia picha." Kisha akanyoosha mkono ndani ya dirisha, akatoa ovaroli ile, imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa. Akanikabidhi. "Kwangu ni kubwa. Wewe itakukaa."

Niliipokea kwa mikono miwili. Nikamwambia "Ahsante, Mama."

"Una mama wangapi wewe?" akauliza.

"Aliyenizaa, naye ni marehemu. Yuko mkwe wangu, Tanga. Na wewe."

"Huyo wa Tanga anakuruhusu kuniita hivyo?"

Nikamjibu kwamba nitakuuliza. Kwa hiyo nakuuliza, ingawa hilo silo ombi lenyewe.

Alipoondoka, Papa Kasongo alijifuta mikono kwa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo. "Ilirudia," akasema, "lakini ilirudia kwa kusalimia. Hiyo si kurudia." Akaingiza mkono mfukoni, akanipa ufunguo.

Kabla sijalifikia ombi, naomba unifikishie salamu, kwa kuwa ombi likishasemwa sipendi kulifunika kwa maneno mengine. Nisalimie shemeji yangu Hamisi, mwambie asiache chuo cha ufundi kwa ajili ya bodaboda. Nisalimie Bibi Mkubwa, mzaa wewe, na umwambie kwamba dua aliyonisomea kichwani bado naibeba. Nisalimie mwalimu wa madrasa wa Zuhura, na jirani yako Mama Kombo anayekuchotea maji goti linapokusumbua. Huyo nina deni lake la shukrani. Kwa Mwanaidi sitii salamu humu, kwa kuwa za kwake tunazo wenyewe.

Sasa ombi. Nyumba ninayo, Mama. Chumba ni kimoja na jiko ni lake. Dirisha linatazama uani, jua la asubuhi linaingia, na maji yapo ndani. Nimezipaka kuta chokaa. Mlango ni wa mbao nzito, nao hufungwa kwa ndani.

Siombi umlete Mwanaidi kwa neno langu tu. Mwenye nyumba huisifu nyumba yake, na mimi nimekwisha kukuonyesha katika barua hii kwamba naweza kujisifu kwa jambo ambalo ndilo kosa lenyewe. Naomba uje mwanzo wewe pamoja naye na Zuhura, goti likiruhusu. Ulale humo na binti yako kwa muda upendao, uufungue mlango na kuufunga kwa mkono wako, usikilize mtaa. Siku zote hizo mimi sitakanyaga kizingiti. Adabu ya ukweni naikumbuka. Ukiona panafaa, utamwacha. Ukiona hapafai, utarudi naye, na sitakuwa na kinyongo, bali nitatafuta mlango mwingine.

Nami tangu nikabidhiwe ufunguo sijalala humo hata mara moja. Naifagia kila jioni, nafunga, narudi Bellevue kwenye pazia langu. Mlango huu uliutaka wewe. Sikuona haki niutangulie kuingia.

Nabaki chini ya radhi zako,
mkweo mtiifu,

Salehe Mbwana